Kalamu na Kodi ya Nyumba: Uandishi wa Kujitegemea Ziwani na Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Historia ya uandishi nchini Kenya imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata vitabu na magazeti, na ni nadra kuulizwa aliyeyaandika alikuwa akilala wapi na kodi ya chumba chake ikilipwa na nani. Swali hilo huwa na uzito linapomhusu mwandishi wa kujitegemea, yaani mtu anayeuza maandishi yake kwa mteja mmoja mmoja pasipo kuwa na mwajiri wala mshahara wa mwisho wa mwezi, na huwa zito maradufu anapokuwa mtu wa makamo, mwenye watoto shuleni na wazazi mashambani wanaomtegemea. Ziwani, mtaa wa nyumba za baraza la jiji ulio kaskazini mwa Mto Nairobi, jirani na Kariokor, Starehe na Pumwani, hautajwi sana katika historia ya fasihi. Hata hivyo, ni mahali pazuri pa kulichunguzia swali hilo, kwa sababu ulijengwa kwa ajili ya mtu aliyeajiriwa, na yeyote aliyetaka kuacha ajira ili aishi kwa kalamu alikabiliwa kwanza na masharti ya chumba, kisha ndipo akakabiliwa na yale ya msomaji.

Nairobi ya wakoloni haikukusudia Mwafrika azeekee mjini. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sehemu waliyokaa wapagazi wa jeshi ilibaki na jina lao, Kariokor, na baraza la mji likajenga hapo nyumba za kupangisha mwishoni mwa miaka ya 1920. Shauri Moyo ikafuata katika muongo uliofuata ili kuwapokea waliobomolewa Pangani ya zamani, na katika miaka ya 1940 zikakamilika Ziwani, Starehe na Kaloleni. Nyumba zilikuwa fupi, zisizo za ghorofa, zimepangwa kuzunguka viwanja vya wazi kwa kufuata fikra za wapangaji miji wa Uingereza kuhusu mtaa unaojitosheleza, huku vyoo na mabomba ya maji yakitumiwa kwa pamoja. Sehemu kubwa ya vyumba ilikodishwa na waajiri kwa niaba ya wafanyakazi wao, maana sheria ya ajira ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi malazi au posho ya malazi, na kwa hiyo chumba kilikuwa kama kipande cha mshahara kilichojengwa kwa mawe. Aliyepigwa kalamu, au aliyeacha kazi kwa hiari yake, aliupoteza mshahara na kitanda siku ileile.

Juu ya hayo palikuwa na kipande, cheti cha usajili kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya vita, ambacho kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kukibeba, mara nyingi ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Ndani yake ziliandikwa tarehe za kuajiriwa na za kuachishwa pamoja na sahihi ya mwajiri, na askari aliyekikagua akakuta mtu hana mwajiri aliweza kumfanya mzururaji na kumrudisha mashambani. Mshahara wenyewe ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke wala mtoto, na ni mwaka wa 1954 tu, katika ripoti ya kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ambapo serikali ilipendekezewa rasmi kwamba mshahara utosheleze familia. Katika mpango wa namna hiyo, mtu wa miaka 45 anayejitegemea mjini kwa kazi ya kalamu hakuwa na jina katika daftari lolote la serikali, na pengine ndiyo sababu wanahistoria wamemsahau.

Hata hivyo alikuwapo, na umbo lake la kwanza lilikuwa la mwandishi wa barua. Mji uliojaa wanaume walioacha familia mbali ulikuwa mji wa barua, na wengi wao hawakujua kusoma. Wakati huohuo utawala ulitaka kila ombi liletwe kwa maandishi, na ikiwezekana kwa Kiingereza. Kati ya mahitaji hayo mawili akaketi mtu aliyesoma shule ya misheni miaka michache, aliyewahi kuwa karani au mwalimu msaidizi, mwenye kalamu, wino na karatasi, na kama mambo yalimnyookea, taipureta. Kazi yake ilikuwa na ufundi ambao haukufundishwa darasani. Mteja alieleza shida yake kwa mzunguko, akianzia kwa babu aliyepanda mti kwenye mpaka wa shamba, na mwandishi alipaswa kuichuja hadithi hiyo mpaka ibaki na mambo ambayo afisa wa wilaya angeyasoma bila kuchoka: mlalamikaji ni nani, anamlalamikia nani, anataka nini. Nakala ilitolewa kwa karatasi ya kaboni ili mteja abaki na ushahidi, bei ilikubaliwa kabla ya neno la kwanza, na barua ya kwenda nyumbani, iliyojaa salamu kwa jamaa mmoja mmoja, ilikuwa rahisi kuliko ile ya kwenda ofisini. Mwandishi mwema alijua pia siri za nusu ya mtaa, na riziki yake ilidumu kadiri alivyoweza kuzitunza.

Wengi wa waandishi hao waliifanya kazi hiyo jioni, baada ya kutoka kwa mwajiri, na jambo hili lisichukuliwe kuwa ni kukosa ujasiri. Uandishi wa pembeni ndio uliokuwa wa busara, kwa kuwa karani aliyeajiriwa alikuwa na chumba Ziwani au Kaloleni, alikuwa na mwanga wa taa na meza, na wateja walikuwa majirani zake. Kuacha ajira ili aandike mchana kutwa kungemnyima palepale pa kuandikia. Kwa hiyo wale wachache walioacha kweli ni mfano wa thamani, na ukiwatazama kwa karibu, karibu kila mmoja alikuwa na paa jingine nje ya nyumba za mwajiri.

Anayejulikana zaidi ni Henry Muoria Mwaniki, aliyezaliwa mwaka wa 1914 na kufanya kazi kwa miaka mingi katika shirika la reli kama gadi, yule anayesafiri nyuma ya garimoshi na kutoa ishara ya kuondoka. Akiwa bado kazini alisomea uandishi wa habari kwa njia ya posta kutoka Uingereza, akawa anasoma na kuandika kati ya safari na safari, na mwaka wa 1945 akachapisha kijitabu cha Kikuyu kilichowauliza watu wake la kufanya katika nyakati zile. Mwaka huohuo aliiacha reli, akiwa na umri wa miaka 31, ambao kwa hesabu ya ajira ya kikoloni haukuwa ujana tena, na akaanzisha gazeti la Mumenyereri. Mwanzoni alikuwa mwandishi, mhariri, mpiga chapa na msambazaji kwa wakati mmoja, akisaidiwa na familia. Gazeti lilitoka kwanza kwa nadra, baadaye kila wiki, na mwishowe mara mbili kwa wiki, likawa miongoni mwa magazeti ya Kiafrika yaliyosomwa zaidi, hasa lilipochapisha hotuba za Jomo Kenyatta aliyerejea kutoka Uingereza mwaka wa 1946. Lililomwezesha ni mambo yaliyo wazi: alikuwa na shamba na boma upande wa Kabete, kwa hiyo kuondoka katika nyumba za reli hakukumtupa barabarani, na alikuwa na wasomaji waliokuwa tayari kulipa senti chache kwa kitu kilichoandikwa kwa lugha yao. Matangazo ya biashara yalikuja pia, lakini gazeti la namna hiyo liliishi kwa mauzo ya mkononi, nakala kwa nakala, na kwa nauli za mabasi yaliyozipeleka mashambani.

Alichokikosa Muoria, kama walivyokikosa wenzake wengi, ni mtambo wa kuchapia. Magazeti ya Waafrika wa Nairobi yalichapishwa zaidi katika viwanda vidogo vya Wahindi, na baadhi ya wenye viwanda hivyo walikuwa nao wanasiasa wa kupinga ukoloni. Girdhari Lal Vidyarthi, aliyeanzisha gazeti la Colonial Times mwaka wa 1933, alichapisha pia gazeti la Kiswahili la Habari za Dunia na akafungwa kwa makala zilizoitwa za uchochezi. Serikali iligundua mapema kwamba kumtisha mchapishaji ni rahisi kuliko kumkamata mwandishi, na mchapishaji aliyetishwa hudai fedha taslimu kabla ya kupanga herufi. Francis Khamisi, mtu wa Pwani aliyekuwa mhariri wa gazeti la Kiswahili la Baraza tangu kampuni ya East African Standard ilipolianzisha mwaka wa 1939, alionja pande zote mbili, kwanza kama mwajiriwa mwenye mtambo wa kampuni nyuma yake, kisha kama mwenye gazeti lake la Mwalimu, ambalo halikuwa na mtambo wala mtaji wa kulingana na jina la mhariri wake. Muoria alisafiri kwenda London mwaka wa 1952 akitafuta mashine ya kuchapia, na alipokuwa huko hali ya hatari ikatangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba, magazeti ya Kikuyu yakapigwa marufuku, naye akabaki uhamishoni hadi alipofariki mwaka wa 1997. Kwa miaka mingi aliishi kwa kazi ya gadi katika reli za chini ya ardhi za London, kazi ileile aliyoiacha Nairobi ili aandike.

Aprili 1954 jeshi na polisi waliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil, mitaa ya mashariki ikapekuliwa nyumba kwa nyumba, na makumi ya maelfu ya watu wa jamii za Kikuyu, Embu na Meru wakapelekwa vizuizini au kurudishwa katika maeneo yao. Athari ya msako huo kwa siasa imeelezwa sana; athari yake kwa biashara ya kalamu haijaelezwa vya kutosha, ingawa katika siku chache soko zima la wasomaji wa lugha moja liliondolewa mjini pamoja na wauzaji wa magazeti, waandishi wa barua na wateja wao. Vyumba vilivyoachwa wazi vilipangishwa kwa wengine, na pengo la maandishi likajazwa kwa sehemu na vyama vya wafanyakazi, ambavyo vilihitaji watu wa kuandika muhtasari wa mikutano, barua za madai na makaratasi ya kugawa. Tom Mboya, aliyekuja mjini kama mkaguzi wa afya wa baraza la jiji na kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi mwaka wa 1953, aliishi Ziwani katika miaka hiyo, na chama chake cha siasa cha Nairobi kilitoa gazeti lililoitwa Uhuru mpaka serikali ilipolizuia mwaka wa 1959. Maandishi ya namna hiyo hayakumtajirisha mtu. Yaliwafundisha vijana wengi wa mitaa hiyo kukata stensili, kuzungusha mashine ya kurudufu na kuandika sentensi ambayo wakili wa upande wa pili hawezi kuipindua.

Kufikia uhuru kipande na masharti ya kuishi mjini vilikuwa vimekwisha, na kwa mara ya kwanza mtu wa makamo aliweza kuacha kazi nzuri ya mshahara bila kuogopa askari. Hilary Ng'weno, aliyelelewa Muthurwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, aliacha uhariri mkuu wa Daily Nation katikati ya miaka ya 1960 baada ya muda mfupi tu, akafanya kazi za hapa na pale kwa kujitegemea, akashirikiana na mchoraji Terry Hirst kuanzisha jarida la Joe mwaka wa 1973, na mwaka wa 1975, akiwa anakaribia miaka 40, akaanzisha jarida la The Weekly Review. David Maillu aliondoka katika utangazaji wa serikali katika miaka hiyohiyo, akaunda kampuni yake ya Comb Books na kuuza kwa maelfu vitabu vidogo vya bei ya chini ambavyo maprofesa walivichukia na makarani walivisoma ndani ya basi, hadi Tanzania ilipovipiga marufuku mwaka wa 1976. Marjorie Oludhe Macgoye, aliyefika Kenya mwaka wa 1954 kufanya kazi ya duka la vitabu la kimisionari, aliuza vitabu vya wengine kwa miaka mingi kabla ya riwaya yake Coming to Birth, ambayo sehemu yake kubwa inatembea katika vichochoro vya mashariki ya Nairobi, kuchapishwa mwaka wa 1986 alipokuwa akikaribia miaka 60. Watatu hawa hawafanani kwa lolote isipokuwa kwamba walikwisha kuujua mlango wa kiwanda cha chapa, wa duka au wa studio kabla ya kujitegemea; hakuna aliyeingia katika biashara hiyo akiwa na kipaji peke yake.

Watu wa Ziwani hawakuwa na milango hiyo, na historia yao ilichukua njia nyingine. Kodi za nyumba za baraza zilibaki chini sana kuliko za soko, na ingawa kwa sheria mpangaji hakuwa mwenye nyumba, nyumba ilipita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto kwa mazoea yaliyokubaliwa na ofisi ya mtaa, huku chumba cha ziada cha mabati kikiongezwa nyuma. Chumba kilekile ambacho katika miaka ya 1940 kilimfunga mtu kwa mwajiri, kufikia miaka ya 1990 kilikuwa kimegeuka mtaji wake. Ndipo ulipokuja mpango wa serikali wa kupunguza watumishi, ulioanza mwaka wa 1993 kwa shinikizo la wafadhili, ambapo maelfu ya makarani, wapiga chapa na matarishi wa daraja za chini walistaafishwa kwa hiari kabla ya miaka 55, uliokuwa umri wa kustaafu wakati huo, wakapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Wengi walikinunulia matatu kuukuu au kufungulia duka, na baadhi, wale waliokuwa na vidole vilivyozoea taipureta na Kiingereza cha ofisini, walikinunulia mashine na kuanza kuandikia watu.

Bidhaa yao ilikuwa ya kawaida mno kuitwa fasihi, na ni haki iangaliwe kwa makini. Kikundi cha akina mama kinachotaka kuandikishwa katika ofisi ya huduma za jamii huhitaji katiba, muhtasari wa mkutano ulioamua kuandikishwa, na orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho na sahihi, na baada ya hapo benki hudai muhtasari mwingine unaotaja nani anaruhusiwa kutia sahihi hundi. Mstaafu aliyeandika mihtasari ya wizara kwa miaka 20 anajua kwamba azimio lisilotaja aliyelitoa na aliyeliunga mkono litarudishwa dirishani, na anajua pia kukiuliza kikundi mapema nini kitatokea mwanachama akifa kabla ya zamu yake ya kupokea mchango kufika, swali ambalo kikundi hakipendi kuulizwa. Mwandishi huyohuyo hutungia familia wasifu wa marehemu wa kusomwa mazishini, ambao huhitaji adabu ya pekee, kwa sababu wake wawili lazima watajwe kwa mpangilio usiozusha vita makaburini, na ugonjwa uliomwondoa marehemu hutajwa au kufichwa kwa kauli ya wenye msiba. Kazi hizi hulipwa kidogo na hulipwa kwa kuchelewa, ila haziishi.

Intaneti ya kasi, iliyofika kwa nyaya za chini ya bahari mwaka wa 2009, ilileta mteja wa aina mpya, asiyeonekana na anayelipa kwa dola. Nairobi ikawa mojawapo ya vituo vikuu vya dunia vya kuandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha na tasnifu, biashara iliyoendeshwa kwa akaunti zilizokodishwa au kuuzwa kati ya waandishi, ambapo mwenye akaunti yenye sifa njema alikaa kama mwenye nyumba na kuwagawia wengine kazi kwa asilimia. Serikali nayo ilizindua mpango wa Ajira Digital mwaka wa 2016 ili kuwafundisha Wakenya kutafuta kazi mtandaoni, ukilenga vijana zaidi kuliko walimu wastaafu. Ilipofika 2022 Uingereza ilitunga sheria ya kuharamisha uuzaji wa insha kwa wanafunzi wa vyuo vya England, na mwishoni mwa mwaka huo programu za akili mnemba zinazoandika zenyewe zikaingia sokoni. Kazi zikapungua kwa kishindo. Walioumia zaidi ni vijana waliokuwa wamehamia vyumba vya kodi kubwa kwa kutegemea dola hizo. Mwandishi wa makamo aliyebaki na mteja wa mtaani aliyumba kidogo tu, maana tangu maombi ya serikali yahamie eCitizen na mfumo wa kodi wa iTax, watu wale wasiojua kujaza fomu wamerudi kuketi mbele ya mwenye kujua, safari hii ndani ya saiba, yaani duka la huduma za intaneti, wakieleza shida zao kwa mzunguko uleule.

Kinachotishia biashara hiyo sasa ni paa lenyewe. Serikali ya kaunti ya Nairobi imekuwa ikibomoa mitaa yake ya zamani na kujenga ghorofa badala yake, na Ziwani iko miongoni mwa mitaa iliyowekwa katika mpango huo. Katika Pangani iliyo jirani, wapangaji wa zamani walilipwa shilingi 600,000 kila mmoja ili wapange kwingine wakati wa ujenzi, wakiahidiwa nafasi ya kununua nyumba mpya kwa malipo ya muda mrefu. Kwa mwenye mshahara, malipo ya kila mwezi ni hesabu ya kukatwa benki. Kwa anayelipwa kwa wasifu mmoja na katiba moja, kila mwezi ni mazungumzo mapya na muuzaji. Zaidi ya hilo, shilingi laki sita zinaweza kumlipia mtu chumba Kayole au Umoja kwa miaka kadhaa, lakini katibu wa kikundi cha akina mama wa Ziwani hatapanda matatu hadi Kayole na daftari lake la mihtasari. Atamtafuta mwandishi mwingine aliye karibu.